Samaki Ndani ya Mkate

Baba yangu ndiye mwanamume wa kwanza niliyemwona amevaa aproni mbele ya watu, na alipoambiwa aivue hakuivua.

Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa Jumamosi, siku niliyoruhusiwa kwenda naye dukani mjini Migori kumkatia nyanya. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba katika safu ya maduka karibu na steji ya matatu: meza ya mbao mbele, kabati la kioo juu ya meza, jiko la makaa nyuma. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliingia bila hodi. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, viatu vina udongo, na vidole vyake vilikuwa na ule weusi wa utomvu wa tumbaku ambao hautoki hata kwa sabuni ya kipande. Hakuketi. Alimwangalia baba kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa Kijaluo, kwa sauti iliyofika mpaka kwa fundi viatu wa nje:

"Vua hicho kitambaa twende nyumbani."

Baba alikuwa anapaka siagi. Alimaliza kipande alichokishika, akakifunika kwa kingine, ndipo akajibu.

"Kuna mteja anangoja."

"Mimi ndiye ninayengoja."

"Basi keti. Wewe ni wa pili."

Baba mkubwa hakuketi. Alitoka, na yule mteja, karani wa ofisi moja hapo jirani, akachukua sandwichi yake akaondoka upesi kana kwamba ni yeye aliyefumaniwa. Mimi niliendelea kukata nyanya. Nilikata nyanya nyingi sana siku hiyo, zaidi ya zilizohitajika, kwa sababu sikutaka kuinua macho nimwone baba ana uso gani. Nilipoinua, alikuwa na uso wake wa kila siku.

Baba alikwenda Nairobi akiwa kijana, akaosha sahani katika hoteli moja, akapanda mpaka akawa mpishi wa upande wa baridi. Upande wa baridi ndiko wanakotengeneza saladi na sandwichi. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Siku moja hoteli ikafungwa, kila mfanyakazi akapewa barua, na baba akarudi nyumbani na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na visu viwili vilivyofungwa kwa gazeti, aproni mbili, na chuma cha kubania mkate: sahani mbili nzito zenye bawaba na mpini mrefu, unatia mkate katikati, unafunga, unageuza juu ya makaa.

Watu wa nyumbani walikuwa wameshampangia. Baba mkubwa alilima tumbaku na alikuwa na banda la kukaushia, na alikuwa amempimia ndugu yake kipande cha shamba kilichopakana na lake. Lazima nimtendee haki: halikuwa jambo dogo, na alilifanya kwa moyo mweupe. Baba alilima msimu mmoja. Alikohoa moshi wa lile banda mpaka mama akaanza kumchemshia majani. Msimu ulipokwisha akasema, "Mimi najua kazi moja. Nitaifanya hiyo moja."

Aliyempangisha chumba alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Aliuza magodoro na vitambaa, na safu yote ile ya maduka ilikuwa yake. Baba alipenda kutusimulia mazungumzo yao ya kwanza, akiigiza Kiswahili laini cha yule mzee na Kiswahili chake mwenyewe kilichochongoka.

"Utauza nini humu?"

"Sandwichi, mzee. Mkate, mayai, nyanya, na ile nyama ya nguruwe nyembamba."

"Sharti langu ni moja tu. Nguruwe asiingie nyumbani mwangu."

"Hata ile nyembamba kabisa?"

"Hata mkia wake, bwana."

Baba alitoka pale amekasirika. Kazi yake yote ya hotelini ilisimama juu ya ile nyama. Alitembea mji mzima akitafuta chumba kingine, hakupata chenye dirisha. Kesho yake alidandia gari la wachuuzi wa samaki akashuka nalo hadi Muhuru Bay, akashinda huko akiangalia mitumbwi ikishusha samaki na akina mama wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, akarudi jioni na mbuta mmoja mzima amemfunga kwa gunia. Mbuta ni yule samaki mkubwa wa ziwani mwenye nyama nyeupe, nene. Siku tatu baba alishinda jikoni nyumbani akimkaanga huyo mbuta kwa njia hii na ile, akimpondaponda kwa ndimu, kitunguu na pilipili, akimbana ndani ya mkate. Mama alikaa nje siku zote tatu, ameupa mlango mgongo. Kwetu jiko ni la mama. Mwanamume anayeingia humo anatafuta moto wa sigara, akishaupata anatoka.

Ndivyo samaki alivyoingia kwenye mkate. Nasikia watu siku hizi wakisema ni ubunifu. Ilikuwa ni kukataliwa nguruwe.

Miezi ya kwanza watu walikuja kutazama. Walisimama barazani wakamtazama mwanamume mzima mwenye ndevu akikata mkate pembe tatu, wakachekeana, wakaenda zao. Mmoja alinunua, akala yote, akafuta mdomo, akauliza kwa dhati kabisa, "Sasa nikishamaliza hii, ninakula nini?" Chakula ni kuon, ugali. Mkate ni kitu cha kunywea chai. Na samaki ndani ya mkate ilikuwa hatari kabisa, kwa sababu Mjaluo hula samaki kwa macho na vidole, mwiba anauona kabla haujamwona yeye. Nani atauma samaki asiyemwona?

Baba akaisogeza kazi mbele. Badala ya kutoa miiba nyuma ya pazia, aliitoa pale mezani, mchana kweupe, watu wakimtazama. Alipitisha kidole gumba juu ya kila mnofu, taratibu, akirudia, na kila mwiba aliouopoa aliuweka kwenye kisahani cheupe mbele ya kabati. Kufika saa nne kisahani kilikuwa kimejaa. Aliyetaka kuhakikisha alikaribishwa kunawa mikono apapase mwenyewe.

Wauguzi ndio waliotangulia kuja, kwa sababu wao hula wamesimama. Wakafuata walimu, wakafuata makarani, wakafuata abiria wa kuelekea Isebania waliotaka kitu cha kushika mkononi. Wakaja akina mama wa Kikuria waliokuwa wakileta mahindi mjini. Hao walibishana na baba kuhusu pilipili kwa Kiswahili cha pande zote mbili kilichovunjika, wakala, wakarudi wiki iliyofuata kubishana tena.

Lakini nyumbani hali haikuwa nzuri. Mama alikuwa akitembea akiwa ameinamisha kichwa. Kanisani wanawake wenzake walimchekea pembeni. Jumapili moja baada ya ibada, mmoja wao alimwambia mbele ya kundi zima, mimi nikiwa nimeshika Biblia yake:

"Ati siku hizi bwana yako ndiye anayepika? Dada, ulimtilia nini?"

Wote wakacheka. Maana yake ilieleweka hata kwa mtoto: kwamba mama alimlisha baba dawa ikamfanya mjinga. Mama alinishika mkono tukaondoka. Tulipofika nyumbani alipika chakula cha mchana akigonga sufuria.

Kesho yake, shule zikiwa zimefungwa, alinivalisha viatu akavaa gauni lake la kanisani na kitambaa chake kizuri cha kichwa, tukaenda Migori. Hakuwahi kukanyaga dukani tangu lifunguliwe. Aliingia, akainua benchi lililokuwa ndani, akalitoa mwenyewe mpaka barazani, akaliweka likitazama barabara, akaketi katikati yake.

"Nipe moja," akamwambia baba.

Baba aliduwaa na kisu mkononi. "Ya nani?"

"Yangu. Nipe kubwa."

Alikula taratibu, mgongo umenyooka, akitazama kila aliyepita. Ilikuwa siku ya soko. Haikuchukua muda, yule mwanamke wa kanisani akatokea na kapu lake, akasimama.

"Mama, unakula nini hapo?"

Mama alitafuna akameza kwanza.

"Chakula alichonipikia bwana yangu," akasema. "Wako amekupikia nini leo?"

Sijawahi kuona kapu likibebwa haraka vile. Mama alimaliza sandwichi yake mpaka makombo, akageuka ndani akasema, "Chumvi haitoshi. Na kitunguu chako kikubwa mno, hakiivi." Tangu siku hiyo hakuacha kuja. Alichukua kazi yote ya samaki: kuchagua, kubishana na wachuuzi, kukaanga. Sandwichi ambayo watu waliizoea ni ya mama nusu, na nusu yake ndiyo yenye ladha. Baba mwenyewe hulisema hilo.

Baba mkubwa hakuwa amemaliza. Miezi michache baadaye aliita wazee wa ukoo nyumbani kwake, sebuleni, kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Mama aliifua aproni, akaipiga pasi, akamvalisha baba yeye mwenyewe, akamfunga kamba mgongoni. "Ukienda bila hii," alimwambia, "watadhani umekuja kuomba msamaha." Mimi nilibeba chai ndani ya thermosi, kwa hiyo nilisikia.

Wazee walizungumza kwa zamu na kwa upole, jambo lililokuwa baya kuliko kelele. Kwamba mtoto wa fulani hasimami motoni. Kwamba watoto wa kiume wa ukoo wanataniwa shuleni. Kwamba hata kama ni biashara, amwachie mkewe aonekane mbele, yeye akae nyuma. Baba mkubwa alimalizia: "Umetuvua nguo."

Baba aliomba kuuliza swali. "Shule ya bweni hapo juu, ugali wa watoto wenu unasongwa na nani?"

Hakungoja wajibu.

"Ni wanaume wawili. Mnawafahamu. Mkienda siku ya wazazi mnawasalimu, mnakula walichopika, mnashukuru. Na kambini polisi wanapikiwa na nani? Na mimi hotelini nilipokuwa nikileta sukari na blanketi hapa Krismasi, mlidhani nazitoa wapi? Nilikuwa nimevaa hii hii." Akaishika aproni kwa vidole viwili. "Aibu ilianza siku nilipoivaa mahali mnaponiona."

Mzee mmoja alianza kucheka, akajifanya anakohoa. Baba mkubwa alisimama. "Basi mimi na wewe hatuna maneno."

"Sawa," baba akasema. "Duka linafunguliwa saa kumi na mbili."

Hawakusemezana kwa miaka mingi. Mashamba yao yanapakana, na walipishana kwenye njia ile nyembamba asubuhi na jioni, kila mmoja akitazama mbele. Nilimchukia baba mkubwa kwa hilo, na bado sijui kama nimeacha. Baba hakumchukia. Aliumia. Nilimwona mara moja amesimama kwenye ua, anamtazama kaka yake akitengeneza paa la banda peke yake, amekunja mikono kifuani, asijue kama avuke au asivuke. Hakuvuka. Wala hakufunga duka.

Mimi na kaka yangu tulikua tukinuka ndimu na samaki. Yeye alikwenda Nairobi akaingia kwenye biashara ya simu. Mimi nilisomea ualimu wa watoto wadogo, nikapata kazi katika shule ya chekechea huko Homa Bay. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa na chumba changu, na jioni ziwa lilionekana kati ya nyumba mbili.

Asubuhi moja mama alinipigia simu katikati ya kipindi. "Baba yako ameangusha kisu," akasema. Kwa miaka yote niliyomjua baba hakuwahi kuangusha kisu. Niliwaacha watoto na mwalimu mwenzangu nikaenda steji kama nilivyo, mikono ina chaki.

Alikuwa amepooza upande wa kulia. Mguu ulirudi baada ya miezi, mdomo ukarudi kiasi, lakini mkono ule, mkono wa kazi, uliketi mapajani kama kitu alichoombwa amshikie mtu.

Kaka alikuja kutoka Nairobi na tukakaa nyumbani kuamua. Baba mkubwa naye alikuja, bila kuitwa, akaketi karibu na kaka. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia kwetu tangu ule mkutano. Kaka alizungumza vizuri. Chumba kina mahali pazuri, alisema, tuweke vifaa vya simu, chaja na vioo, kazi safi, mama apumzike. Sikuona ubaya katika maneno yake mpaka nilipomwona mama anatazama sakafu.

"Nitaliendesha mimi," nikasema.

Kaka alicheka kidogo. "Uache ualimu ukapake siagi?"

"Nitapaka siagi."

Baba mkubwa hakunitazama. Alisema na ukuta. "Msichana ataolewa. Duka litaenda naye kwa watu wengine."

"Liende, baba mkubwa. Kwani mkate una ukoo?"

Mama alisema "Wewe!" kwa mshtuko, lakini mdomo wake ulikuwa unacheka. Sote tukamgeukia baba. Maneno yake wakati huo yalikuwa yanatoka moja moja, yamelowa.

"Muulizeni," akasema, "kama... anaweza... kutoa miiba."

Kaka alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kesho yake alfajiri baba aliletwa dukani, akaketi kwenye kiti, mama akaweka mnofu mbele yangu. Niliupapasa kama nilivyomwona yeye akifanya tangu utotoni, nikaopoa miiba sita, nikasema tayari. Baba alifumba macho, akapitisha mkono wake wa kushoto, ule ambao haukuwa umefundishwa kitu, juu ya mnofu wangu. Akasimamisha kidole. Kulikuwa na mwiba. Akasogea kidogo. Kulikuwa na mwingine.

"Rudia."

Nilirudia wiki mbili. Nililia mara moja, nyuma, karibu na ndoo ya maji, nikiwaza watoto wangu wa chekechea na wimbo wa herufi. Mwisho wa wiki ya pili alipapasa minofu mitatu mfululizo asipate kitu. Alifumbua macho akaitazama ile meza. "Fungua mlango," akasema. Niliandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo.

Wapo waliosema nimeharibu elimu yangu. Mwalimu mkuu wangu wa sekondari alikuja kununua, akanikuta na aproni, akatikisa kichwa kwa huruma mpaka nikamwuliza kama anataka pilipili au hataki. Niliolewa pia, na mwanamume niliyempata akila sandwichi barazani; tulipoanza kuzungumza mambo ya ndoa nilimwambia mapema kwamba mimi na duka ni kitu kimoja, achukue vyote au aache vyote. Alifikiri siku nne. Nilizihesabu.

Kisha yule mzee mwenye nyumba akafariki. Tulimzika kwa masikitiko ya kweli. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa sandwichi yake ya Alhamisi, na hakuwahi kuacha kunusa kabati kwa utani kuona kama nguruwe ameingia. Wanawe waliuza safu nzima. Mnunuzi alitaka kubomoa ajenge ghorofa, akatupa notisi sote. Wengine walihama wiki ya kwanza. Mama alikataa. "Notisi ina siku zake," alisema. "Nitazila zote."

Siku ya mwisho ya notisi, mafundi walikuwa wamefika na wanang'oa mabati upande ule wa fundi viatu. Sisi tulikuwa tumefungua. Vumbi lilikuwa linatua juu ya kabati, mama analifuta, linatua tena. Ilipofika saa nne mafundi walishuka kwenye paa wakapanga foleni, wakala barazani kwetu, nyundo zimelala miguuni. Msimamizi wao alituuliza kwa haya tutamaliza lini.

"Mkishiba," mama akasema.

Tulipakia pikapu alasiri hiyo. Nilikuwa nimeshaamua tuelekee Homa Bay. Ninaijua, samaki wanashuka pale pale, na baba angekuwa karibu na hospitali. Tulipita Rongo, na tulipofika Rodi Kopany soko lilikuwa limejaa mpaka barabarani, gari likakwama nyuma ya ng'ombe. Mama alikuwa amefungasha sandwichi za njiani, nyingi kuliko tulivyohitaji. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akaanza kuita wateja. Zilipokwisha ndipo ng'ombe walipoondoka.

Homa Bay haikutupokea kwa mikono miwili. Tulipata chumba kwenye barabara ya kwenda hospitalini, nikamwita mchoraji akatuchorea ukutani mbuta mkubwa amelala kati ya vipande viwili vya mkate, jicho moja wazi. Wanawake wa samaki kule ufukoni walikuja kumtazama huyo mbuta wakashika viuno. "Mtu wa Migori atufundishe sisi samaki?" Waliambiana kwamba nanunua samaki waliolala, wa jana. Niliambiwa maneno hayo na wateja wenyewe, huku wanaondoka bila kununua. Lakini mimi nilishachekwa nikiwa darasa la tano, na kicheko cha Homa Bay hakikuwa na kitu kipya. Nilianza kwenda ufukoni mwenyewe alfajiri, nikachagua samaki mbele yao, nikafungua matamvua ya kila samaki mbele yao kuona wekundu wake, na yule aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wote nikamfanya ndiye wa kuniuzia. Mtu hawezi kusema samaki wako wameoza ikiwa ni yeye aliyekuuzia. Ilichukua karibu mwaka.

Baba alipata kazi yake. Alikaa kwenye kiti karibu na meza, na kila mnofu uliotoka kwangu ulipita chini ya mkono wake wa kushoto. Watu walianza kumwita daktari. Alikataa jina hilo. "Mimi ni mpishi," aliwaambia, polepole, mpaka waliposikia.

Mwaka uliofuata baba mkubwa aliletwa na binti yake hospitalini kutazamwa macho. Wakitoka, binti alimleta kwetu, nadhani bila kumwambia wanakwenda wapi. Alikuwa amezeeka. Alipapasa kiti, akaketi, na safari hii nani angemwambia ni wa pili. Baba alikata mkate kwa mkono wa kushoto, vibaya, hakutaka nimsaidie, akaweka sandwichi mbele ya kaka yake.

"Ni samaki," akamwambia.

"Nasikia harufu."

Walikaa. Wakazungumza kuhusu mvua, kuhusu ua uliolala, kuhusu nani amekufa. Baba mkubwa alikunywa chai vikombe viwili. Sandwichi hakuigusa. Wakati wa kuondoka aliomba karatasi, akaifunga kwa uangalifu, akaitia mfukoni mwa koti. Kama aliila njiani au aliwapa mbwa, hatukujua. Nilikasirika. Nilimwambia baba angalau angeonja, baada ya miaka yote hiyo.

Baba alikuwa anafuta meza. "Sikupika ili akubali," akasema. Lakini alikuwa na furaha siku hiyo yote, nikaona nisiharibu.

Ugomvi wangu mwenyewe, usio wa kurithi, ulikuja mwaka huu. Kampuni moja iliyokuwa ikituletea mikate ilimtuma wakala wao, kijana mwenye shati la kampuni na tabasamu la kampuni. Walitaka kupaka ukuta wetu rangi zao, bure kabisa, juu mpaka chini.

"Na samaki wangu?" nikamwuliza.

"Samaki tutamfunika, madam. Lakini tutaandika jina la duka kwa herufi ndogo pale chini."

"Hapana."

Alieleza kwamba maduka yote ya barabara ile yamekubali. Nilimwambia nimeyaona, yamefanana, mgonjwa hawezi kujua amefika wapi. Akaeleza, bado anatabasamu, kwamba gari la mkate lina njia zake, na wakati mwingine huwa vigumu kufikia duka ambalo si mshirika.

"Basi lisifike," nikasema.

Alhamisi gari halikufika. Ijumaa pia. Jumamosi nilinunua mikate rejareja madukani kama mtu wa kawaida, na jioni mama akasema, "Kwani kabla ya hilo gari watu walikula mawe?" Mama aliwahi kuoka keki za harusi za kanisani, kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Jumapili hakwenda kanisani. Mimi, mama na baba tulikanda unga, baba kwa mkono mmoja, mume wangu akipepea majiko manne uani. Moto ulikuwa unakula upande mmoja kwa sababu ya upepo wa ziwa, hakuna aliyeliona hilo mapema.

Jumatatu asubuhi tulikuwa na mikate kumi na minane, yote imeinamia upande mmoja, na vitako vyake vimekauka. Nilitaka kufunga siku hiyo. Mama alishaanza kukata. Muuguzi aliyekuja wa kwanza aliigonga sandwichi yake kwa ukucha.

"Huu ni mkate ama ni tofali?"

"Ni mkate wetu," mama akamjibu. "Una meno?"

Aliula. Alitafuna muda mrefu, akisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, akala wote. Jumanne tulihamisha majiko nyuma ya ukuta, mbali na upepo. Wiki ya tatu mkate ulinyooka, na sasa tuna tanuri la pipa ambalo mume wangu amelichomelea mlango. Gari la kampuni hupita hapo nje kila asubuhi. Bado tunaoka wenyewe.